Sura ya Nne: Tandiko la Reli

Katika Makumbusho ya Reli jijini Nairobi imesimama injini ya mvuke namba 5918, Mount Gelai, iliyopewa jina la mlima ulio karibu na Ziwa Natron. Ni mojawapo ya injini 34 za daraja la 59 ambazo Beyer Peacock wa Manchester waliziunda katikati ya miaka ya 1950 kwa ajili ya reli ya Afrika Mashariki. Ikiwa na maji na mafuta yake yote, ilikuwa na uzito wa takriban tani 252. Sasa ipunguze kwa kipimo cha 1:87, ambacho wajenzi wengi wa reli za mfano duniani hukitumia. Urefu utaugawanya kwa 87, lakini uzito hautaki hesabu hiyo. Urefu, upana na kimo vimepungua kwa pamoja, kwa hiyo uzito unagawanywa kwa 87 mara tatu, yaani kwa 658,503. Jitu lile linabaki na gramu zisizofika 400.

Hapo ndipo wanaoanza kazi hii hupotea. Wanasoma jinsi reli halisi inavyojengwa, tabaka juu ya tabaka, mchanga ulioshindiliwa, changarawe, kokoto, kisha wanataka kurudia kila kitu mezani kwa vipande vidogo vya vitu vilevile. Tandiko la reli halisi lina maadui wawili, uzito na maji. Injini ya gramu 400 haiwezi kulididimiza tandiko lolote, na juu ya meza yako, nikitumaini paa ni zima, hakuna mvua. Maadui wa reli ndogo ni wengine: kelele, unyevu wa hewa na mbao zinazojikunja. Kwa hiyo nakili umbo la tuta, ulinakili kwa bidii hata kwa rula, lakini malighafi uichague kwa sababu za mezani. Nitarudia jambo hili kila itakapobidi, maana duka la vifaa vya ujenzi lina ushawishi mkubwa.

Umbo lenyewe hulielewi mpaka ujue kwa nini liko hivyo, na Bonde la Ufa la kati ni mahali pazuri pa kulijifunza, kwa kuwa ardhi yake haimsamehe mhandisi. Kuanzia Longonot hadi Menengai sehemu kubwa ya udongo ni majivu ya volkano na mawe mepesi ya pumisi. Ukikauka husimama wima kwenye kingo za makorongo kana kwamba umejengwa, ukilowa huondoka na maji. Machi 2018, baada ya mvua kubwa, barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok ilikatika karibu na Suswa, na picha za ufa ule zikazunguka dunia nzima pamoja na habari kwamba Afrika inagawanyika mbele ya macho yetu. Bara linagawanyika kweli, ila kwa milimita chache kwa mwaka. Wanajiolojia wengi walitoa maelezo ya karibu zaidi: maji yalikuwa yamepenya chini na kubeba majivu yaliyokuwa yamejaza nyufa za kale, hadi juu pakabaki ganda tu. Ganda likaanguka.

Reli ya Uganda ilipita humo humo. Kazi ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi Mei 1899, Nakuru mwaka 1900, na ukingoni mwa Ziwa Victoria Disemba 1901. Vyuma vyake vilikuwa vyepesi, ratili 50 kwa kila yadi, na upana kati ya chuma na chuma ulikuwa mita moja. Treni ilipofika ziwani, kazi ya kuimarisha njia ilikuwa bado inaendelea nyuma yake, na sehemu nyingi zilitumia njia za muda zilizolazwa ili vifaa visichelewe. Mataruma mengi yalikuwa ya chuma badala ya mbao, kwa sababu mchwa wa nchi hii hawachagui kati ya mti wa msituni na taruma la Serikali. Taruma la chuma limekunjwa pande zake zikatazama chini, na kokoto zikishindiliwa ndani yake hulishika lisiteleze. Kwa mjenzi wa reli ndogo hili lina maana: ukilitazama kutoka juu taruma hilo ni jembamba, limezama, lina rangi ya kutu, wala halifanani na mataruma manene ya mbao yanayouzwa pamoja na reli za mfano kutoka Ulaya.

Kokoto zina kazi ambayo jicho haliioni. Kwanza hutawanya uzito: gurudumu hukanyaga mahali padogo mno, chuma hulipa taruma mzigo, taruma huzipa kokoto, na kokoto huusambaza hadi udongo ulio chini uweze kuustahimili. Ndiyo maana zinapasuliwa zikawa na pembe. Mawe ya mtoni yaliyoviringika hayashikani. Pili hupitisha maji haraka, yasituame chini ya taruma yakageuza udongo kuwa tope. Pale ambapo kuimarisha tuta ni ghali mno, wahandisi hubadilisha injini. Injini za Garratt kama Mount Gelai zilipendwa Afrika Mashariki kwa sababu zinatandaza uzito juu ya ekseli 14 na kujipinda katikati. Dada zao wadogo, daraja la 60, waliundwa wakiwa na mzigo wa tani 11 tu kwa ekseli, ili waweze kupita kwenye vyuma vile vya ratili 50.

Na maji yakikosa njia? Kabla ya mapambazuko ya Aprili 29, 2024, maji ya mvua yalikuwa yamekusanyika nyuma ya tuta la reli huko Old Kijabe. Wizara ya Maji ilieleza kwamba njia ya mto chini ya tuta ilikuwa imezibwa na miti, mawe na matope. Tuta likawa bwawa ambalo hakuna aliyelichora. Kizuizi kilipoachia, maji yalishuka hadi Kamuchiri, Mai Mahiu, yakabeba nyumba na kuua zaidi ya watu 40. Nimelitaja tukio hili katika kitabu cha burudani kwa makusudi. Nimeona picha za reli za mfano nyingi zenye tuta refu linalokatisha bonde, limepakwa rangi vizuri, lina nyasi na hata mbuzi, lakini halina kalvati hata moja. Tuta la namna hiyo haliwezi kuwepo katika Bonde la Ufa kwa zaidi ya masika moja. Kabla hujalaza chochote, weka alama mahali ambapo maji yangepita, kisha ukate nafasi ya kalvati au daraja. Ukishagundisha tandiko, kukata upya ni kazi ya kulia.

Tuje kwenye vipimo, maana umbo bila vipimo ni ndoto. Mita moja ikigawanywa kwa 87 ni milimita 11.5, na reli za kununua zenye upana wa milimita 12 zinakaribia vya kutosha. Taruma la urefu wa takriban mita mbili linakuwa milimita 23. Reli mpya ya SGR, iliyofika Suswa Oktoba 2019, ina upana wa milimita 1,435, yaani milimita 16.5 mezani, upana wa reli za kawaida kabisa madukani. Ukitaka kipimo kikubwa cha kuweka uani, 1:22.5 hutumia reli ya milimita 45, na kipimo hicho kilibuniwa kwa ajili ya reli za mita moja hasa, zidisha uone.

Kosa la kawaida liko kwenye unene. Vipande vya koki vinavyouzwa nje vikiwa vimechongwa tayari, vyenye mabega ya mshazari, huwa na unene wa milimita 5 hivi. Zidisha kwa 87: milimita 435, karibu nusu mita ya kokoto. Kimo hicho kinaifaa SGR, ambayo tuta lake limeinuka, kingo zake ni safi na mataruma yake ni ya zege. Kwa njia ya zamani ya kutoka Naivasha kwenda Gilgil na Nakuru, milimita 3 zinatosha. Kwa tawi kama lile la Gilgil kwenda Nyahururu, 2 tu, na bega moja limeanguka. Ndani ya yadi ya Nakuru usiweke tandiko lililoinuka kabisa, maana huko reli na ardhi viko sawa, na kati ya njia na njia kuna majivu, mafuta na nyasi.

Kama nafasi yako ni ndogo na unataka kuonyesha hadithi nzima mahali pamoja, jenga eneo la Mai Mahiu na Longonot, ambako njia hizi mbili zinakutana na mizigo inahamishwa kutoka moja hadi nyingine. Matandiko mawili, karne mbili, meza moja. Sijui mandhari nyingine Afrika Mashariki inayomfundisha mtazamaji mengi hivyo bila maandishi.

Sasa sauti. Meza ya plaiwudi iliyo wazi chini ni ngoma, na magurudumu ya injini ndiyo fimbo. Ukilaza reli moja kwa moja juu ya plaiwudi, injini ndogo itanguruma chumba kizima, na ngurumo yenyewe haifanani na treni bali na mashine ya kusaga. Tandiko laini hukata njia ya mtetemo. Ili kulinganisha malighafi huhitaji maabara: kata vipande vya ukubwa sawa, viweke kimoja kimoja juu ya plaiwudi ile ile utakayotumia, weka simu juu yake, kisha mwambie mtu akupigie ikiwa kwenye mtetemo. Sikio litaamua.

Koki hushinda majaribio mengi. Haijikunji, hukatika kwa kisu, haiharibiwi na unyevu mdogo. Lakini mti wake ni wa pwani za Mediterania, Ureno ikiongoza kwa kuivuna, na kwa mtu wa Nakuru kuiagiza ni kulipia safari ndefu. Ukiipata kwa bei nzuri, kwa mfano ile ya mbao za matangazo ya ofisini, inunue. Usipoipata, usihuzunike.

Ninachokipenda zaidi kinauzwa na watu wanaowahudumia mafundi viatu: shiti za soli, zile zinazokatwa kutengenezea patapata. Ni povu lenye vijumba vilivyofungwa, halinywi maji, linakatwa kwa wembe, na linapatikana kwa unene mbalimbali. Chagua lililo gumu kidogo. Lile laini kupita kiasi hufanya reli icheze kila injini inapopita, na baada ya muda viungo vya reli hulegea na umeme ukaanza kukatika. Kulinganisha ni rahisi: bonyeza kwa kidole gumba, likirudi polepole, liache. Wala usidhani sponji ya godoro ni jamaa yake. Hiyo vijumba vyake viko wazi, hunyonya unyevu, na baada ya miaka michache hugeuka unga wa manjano.

Povu la soli lina udhaifu mmoja: misumari midogo haishiki. Ukiipigilia hadi kwenye plaiwudi umejenga daraja la chuma ambalo mtetemo utapita, na fedha ya povu imepotea bure. Gundisha, weka vitu vizito juu ya reli usiku kucha, kisha ng'oa misumari yote uliyotumia kushikilia.

Halafu kuna sofutibodi, ile mbao laini ya dari na ya matangazo. Wamarekani wamekuwa wakitumia ndugu yake iliyotengenezwa kwa karatasi zilizobanwa, Homasote, kwa miongo mingi na kuisifu kama dini. Ya kwetu si mbaya. Unene wake haufai kwa vipande vya njia moja, lakini ukiitandika shiti nzima chini ya yadi ya Nakuru, yenye njia nyingi sambamba, ni kimya na inashika msumari. Ikate kwa kisu kikali, maana msumeno utajaza nyumba vumbi. Hata hivyo huvimba ikilowa, kwa hiyo ipake rangi ya mafuta juu, chini na kwenye kingo, hasa kingo. Na mchwa wanaipenda. Waliowalazimisha wahandisi wa 1896 kununua mataruma ya chuma bado wapo, na miguu ya meza yako ndiyo barabara yao. Isimamishe ndani ya makopo yenye mafuta machafu ya gari.

Stairofomu ya kufungia televisheni ni nyepesi na ya bure. Itumie kwa vilima. Chini ya reli hukuza sauti za juu, na gundi ya viatu huiyeyusha mbele ya macho yako.

Chini ya tandiko, mbao. Mji wa Elburgon, ulio kwenye njia ya Kisumu, ulikua pamoja na viwanda vya mbao, na saiprasi ya misitu ya Mau imejenga nusu ya mapaa ya eneo hili. Kwa paa ni sawa. Kwa meza ya reli, shida ni kwamba mbao nyingi zinauzwa mbichi, na marufuku ya ukataji miti ya kuanzia 2018 hadi 2023 haikuwafanya wauzaji wawe na subira ya kuzikausha. Mbao hubadilika upande wa upana, si urefu. Iliyonunuliwa wakati wa masika itasinyaa ikifika Januari, na meza iliyokuwa tambarare itakuwa na bonde lake la ufa. Lipa zaidi ununue plaiwudi, ukate vipande vya kusimama wima viwe fremu. Vyuma vyenyewe pia hutembea: reli ya mita 10 ya aloi ya nikeli chini ya mabati yasiyo na dari, joto likipanda nyuzi 25, hurefuka milimita 4 hivi. Acha nafasi ndogo kwenye viungo, na fanya kazi hiyo asubuhi, si saa nane mchana.

Kabla ya kokoto, endesha treni ndefu kuliko zote ulizonazo, mbele na nyuma, polepole. Kama una injini ya Garratt, hiyo ndiyo mkaguzi bora: magurudumu yake madogo ya mbele hutoka relini kwenye kila shimo ambalo macho yako yameliruka. Palipo na bonde, ingiza vipande vya karatasi ngumu chini ya tandiko. Usipande zaidi ya sentimita 2 kwa kila mita, na mwanzo wa mwinuko uupinde taratibu. Tandiko lililovunjika pembe pale chini litaachanisha mabehewa.

Kokoto halisi za njia kuu zina ukubwa wa milimita 25 hadi 60 hivi. Mezani hiyo ni chini ya milimita moja, kwa hiyo unachotafuta ni vumbi la machimbo ya mawe lililochekechwa: kwanza kwa kichujio cha chai ili kuondoa makubwa, kisha kwa kitambaa chembamba ili kuondoa unga. Mawe ya eneo hili yanayopasuliwa kwa ujenzi yana kijivu chenye ukweli ambao rangi ya kopo haiufikii. Kwa kipimo cha 1:22.5 hutahitaji kuchekecha sana. Chembe za milimita 2 zinatosha.

Mambo matatu yatakuponza. Pumisi inayookotwa karibu na Longonot inavutia kwa wepesi wake, lakini huelea, na ukiidondoshea maji ya gundi itaondoka ikaogelee juu ya mataruma. Mchanga wa kando ya Ziwa Nakuru na Elmenteita, mbali na kwamba huruhusiwi kutoa kitu ndani ya hifadhi, una magadi; hunyonya unyevu, hutoa ukoko mweupe na kuila reli. La tatu ndilo linaloshangaza watu: mchanga wenye asili ya volkano mara nyingi una chembe nyeusi za chuma. Sumaku ya mota ya injini huzinyanyua kutoka njiani, zikaingia kwenye gia, na injini ikafa bila sababu inayoonekana. Toa sumaku kwenye spika mbovu, ifunge kwa mfuko wa plastiki, ipitishe ndani ya mchanga mpaka itoke safi. Nikishauriwa kuacha hatua moja katika sura hii, si hiyo.

Kuhusu gundi, gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji na tone la sabuni ya vyombo ndiyo desturi. Inashika, ila ikikauka huwa ngumu, na ikitiririka kando ya tandiko hadi kwenye plaiwudi hujenga tena lile daraja la mtetemo. Gundi ya mpira inayobaki laini ni bora pale unapoweza kuipata. Usipoipata, acha mstari mwembamba usio na kokoto kati ya bega la tandiko na meza, kisha uuzibe baadaye kwa nyasi kavu. Kwenye njia ya zamani hakuna atakayeona tofauti, kwa kuwa pale Gilgil nyasi hukua hadi kwenye kokoto. Kwenye SGR wataona.

Nyunyiza maji yenye sabuni kwanza, dondosha gundi kwa sindano isiyo na ncha ya chuma, usiguse chochote kwa siku mbili. Kisha futa uso wa reli kwa kitambaa chenye spiriti kabla ya kuwasha umeme, na zungusha kidole ndani ya kila kalvati kuhakikisha kokoto hazijaliziba.